Taa Haikuyumba

Kwetu Valparaíso, ardhi ikitikisika usiku
hatuulizani. Tunatazama taa ya darini.
Ikiyumba, tunasimama chini ya fremu ya mlango,
tunahesabu, tunangoja, tunarudi kulala.

Ile Jumanne ya Agosti nilidaka ukingo wa kitanda
nikapiga kelele: Eleuterio, tetemeko!
Kabati lilikuwa linakimbia kwenda kushoto
na halifiki.
Mume wangu akawasha taa.
Taa imetulia kama timazi.

Nilitapika hadi tumbo likabaki na uchungu wa kijani.

Hospitalini daktari, msichana mwenye mafua,
alinishika kichwa kwa viganja viwili
kama mtu anayechagua tikiti sokoni.
"Tazama pua yangu," akasema, kisha akakigeuza ghafla.
Macho yangu yaliteleza kwenye pua yake,
yakaanguka, yakarudi yakichechemea.
"Ni neva ya sikio la ndani, la kulia. Kirusi kimeila."

Nikamwambia: lakini nasikia.
Nasikia toroli koridoni, nasikia saa yako.
Sikio la kufa halisikii dawa;
hili langu lilisikia vyote,
ila lilisahau juu ni wapi.

Miaka kumi na tisa napeleka barua kilima cha Cordillera.
Ngazi mia moja sitini na mbili kabla ya chai,
mbwa wote nawajua kwa majina na kwa meno.
Sasa kutoka kitandani hadi chooni
nilikwenda kwa kushika ukuta,
na ukuta ukinishika shingo upande.
Jirani akamuuliza Eleuterio kama nimeanza kunywa.
Akajibu: laiti.

Akaja Huenchumán, mtaalamu wa mazoezi, viatu vyake vikilia.
"Vidonge vya kichefuchefu, basi. Ubongo uliolala haujifunzi."
Akabandika herufi moja ukutani, B.
Itazame. Tikisa kichwa: hapana, hapana, hapana.
Herufi isitikisike.
Ilitikisika. Iligeuka nane, ikageuka mdudu.
Mara tano kwa siku nilimkatalia mdudu yule.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Niliinama kutafuta ndara,
mvungu ukanijia usoni na vumbi lake lote.
Nikasimama juu ya mto, miguu pamoja, macho wazi.
Nikasimama juu ya mto, macho nimefumba,
Eleuterio kakinga mikono
kama anayengoja sahani idondoke.
Nililia Septemba nzima. Si kwa maumivu;
hapakuwa na kinachouma.
Hilo ndilo watu hawakulielewa.

"Neva itaota tena?"
Huenchumán alikunja mkono wa shati, akaukunjua.
"Pengine kidogo. Pengine isiote.
Lakini sikio la kushoto litasema kwa niaba ya yote mawili,
macho yatatoa chochote, nyayo zitatoa chochote."
Yaani mchango, nikasema, kama wa msiba.
"Kama wa harusi," akasema, na hakucheka.

Novemba nilipanda ngazi kumi na moja
nikaketi juu ya ya kumi na mbili,
mkobani bahasha moja tu, bili ya maji.
Canelo, mbwa wa nyumba ya kijani, alinibwekea.
Sikumlaumu. Nilitembea kama mgeni.

Gizani bado nayumba. Dukani,
rafu zikizidi rangi, nashika kitoroli na kungoja
zimalize kupita.

Lakini jana, saa tisa kasoro za usiku,
kitanda kilisogea.
Nikasema moyoni: imerudi.
Sikumwamsha mtu. Nikafumbua jicho moja,
na kwa mwanga wa barabarani nikaiona taa
inayumba,
inayumba kwelikweli, kivuli chake kikifagia ukuta,
vikombe vikigongana kabatini,
kilima kizima kikiamka na kuwataja watakatifu.
Eleuterio kashafika mlangoni, ananiita,
nami nimesimama katikati ya chumba,
miguu nimeitanua kidogo, sijashika kitu,
naitazama taa
kama mtu aliyeletewa barua.